Kwa nini mtoto anahitaji saa nzima ya kucheza kila siku

KENYA inajulikana ulimwenguni kote kwa miguu ya wanariadha wake. Faith Kipyegon ametwaa dhahabu ya mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki mara tatu mfululizo: jijini Rio de Janeiro mnamo 2016, Tokyo mnamo 2021 na Paris mnamo 2024. Mgeni anayesoma habari hizi akiwa mbali hudhani kwamba huku kwetu kila mtoto huamka akikimbia na kulala akihema.

Takwimu zinasema vinginevyo. Kati ya mwaka wa 2011 na 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walishiriki katika uchunguzi wa mataifa 12 kuhusu unene na mienendo ya watoto wenye umri wa miaka tisa hadi 11. Watoto zaidi ya 500 wa shule za msingi jijini Nairobi walifungwa kiunoni kifaa kidogo cha kupima mwendo, wakakivaa kwa siku saba. Kifaa cha aina hiyo hakisahau wala hakijisifu, tofauti na mtoto anayeulizwa alicheza kwa muda gani juzi.

Ilibainika kwamba ni asilimia 12.6 pekee ya watoto hao waliofikisha kiwango kinachopendekezwa cha kushughulisha mwili. Mmoja kati ya watano alikuwa na uzani uliozidi kiasi au alikuwa mnene wa kupindukia. Tena, watoto wa wazazi wenye kipato na elimu zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa, kinyume cha ilivyo katika nchi nyingi tajiri ambako unene umekuwa ugonjwa wa maskini.

Hayo yalinganishwe na utafiti mwingine, uliochapishwa 2006, uliowahusisha wanariadha wapatao 400 wa humu nchini. Asilimia 81 ya wale waliokuwa wamefikia kiwango cha kimataifa walisema kwamba utotoni walikuwa wakienda shuleni mbio. Miongoni mwa wale wa kiwango cha kitaifa, idadi hiyo ilikuwa asilimia 73. Katika kundi la Wakenya wa kawaida waliotumiwa kwa ulinganisho, ilikuwa asilimia 22 tu. Hakuna aliyewalipia watoto hao ada ya mazoezi. Umbali wa shule na hofu ya kuchelewa vilitosha.

Haimaanishi kwamba kila mtoto anapaswa kulelewa awe Kipyegon, wala kwamba umaskini uliowalazimu watoto kutembea kilomita nyingi alfajiri ni jambo la kusifiwa. Suala ni kwamba kile ambacho mtoto wa kijijini alikipata bila kukitafuta, mtoto wa mjini sasa hana budi kupangiwa na mtu mzima. Na mtu mzima huyo aghalabu hajui ni kiasi gani kinachohitajika, wala kwa nini.

Kiasi kinachofaa

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza kwamba mtoto wa miaka mitano hadi 17 ashughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa kiwango cha kadiri hadi cha juu. Angalau siku tatu kwa wiki, sehemu ya muda huo iwe ya mambo mazito zaidi yanayoimarisha misuli na mifupa, kama vile kukimbia, kuruka, kukwea na kuvuta. Mwongozo huo unawahusu pia watoto walemavu, kwa kadiri ya uwezo wao.

Kiwango cha kadiri ni kipi? Kipimo rahisi ni pumzi. Mtoto anayetembea kwa haraka hupumua kwa kasi kuliko kawaida, lakini bado anaweza kuzungumza na mwenzake. Kuimba ndiko kunakomshinda. Akifikia kiwango cha juu, kama anapokimbiza mpira, hawezi kutamka zaidi ya maneno machache kabla ya kuvuta pumzi. Hakuna haja ya saa wala mashine ya kuhesabu mapigo ya moyo.

Dakika hizo 60 si lazima zifululize. Kumi za kwenda shuleni, 15 za mapumziko, 20 za jioni na nyingine za kupanda ngazi na kuchota maji, zote huhesabiwa.

Kwa walio chini ya miaka mitano, WHO ilitoa mwongozo wao mnamo 2019. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa anafaa kulazwa kifudifudi akiwa macho, akiangaliwa, kwa jumla ya dakika zisizopungua 30 kwa siku. Hapo ndipo shingo, mabega na mgongo wake hupata nguvu. Aliye na mwaka mmoja na zaidi anahitaji saa tatu za kusogea kwa namna yoyote, na akifika miaka mitatu, saa moja kati ya hizo iwe ya kukimbia na kuruka hasa. Asifungwe mahali pamoja, iwe ni kitini, kwenye gari au mgongoni mwa yaya, kwa zaidi ya saa moja mfululizo.

Mwongozo huo huo unasema kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hapaswi kuwekwa mbele ya skrini, na kuanzia hapo hadi miaka minne asizidishe saa moja kwa siku. Wazazi wengi watacheka wakisikia haya. Katika nyumba nyingi za mjini, katuni za runinga na simu ndizo yaya wa pili, na pengine wa kwanza.

Ndani ya mwili

Wengi huamini kwamba faida ya mazoezi ni kupunguza unene tu, hivyo mtoto mwembamba hayahitaji. Hilo ni kosa. Unene ni sehemu ndogo ya habari yenyewe.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuichoma. Kwa kawaida sukari huhitaji homoni ya insulini ili kupenya ndani ya misuli, lakini msuli unaojikunja na kujikunjua huivuta hata insulini ikiwa kidogo. Mtu anayeketi kutwa nzima huilazimu kongosho kumwaga insulini zaidi na zaidi ili kufanya kazi ile ile. Miaka ikipita, mwili huzoea na kuacha kuitikia, na hapo ndipo kisukari cha aina ya pili hupata mlango. Mtoto mwembamba aketiye kutwa nzima na kunywa soda naye amo katika safari hiyo, ingawa macho ya majirani hayaioni.

Mifupa nayo ina hesabu yake. Kila mguu unapokanyaga ardhi kwa kishindo, mfupa hupokea mshtuko na kujibu kwa kujijenga. Sehemu kubwa ya uzito wa mifupa anayokuwa nayo mtu maishani hujengwa utotoni na hasa wakati wa kubalehe. Baada ya hapo ni kutumia akiba tu. Bibi anayevunjika nyonga akiwa na miaka 70 huenda analipa deni la msichana wa miaka 12 aliyekatazwa kuruka kamba.

Kisha kuna macho, jambo ambalo wazazi wachache hulifahamu. Mnamo 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule za msingi za Guangzhou, Uchina. Baadhi ya shule ziliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku, nyingine zikaendelea na ratiba yao ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 39.5 ya watoto wa shule za kawaida walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kwa waliotolewa nje, ilikuwa asilimia 30.4. Mwanga wa jua, hata penye mawingu, una nguvu mara nyingi zaidi ya ule wa darasani, na unaonekana kulizuia jicho lisirefuke kupita kiasi.

Aidha, mtoto aliyecheza hulala mapema na usingizi wake huwa mzito. Huwa na makini zaidi darasani, na msongo wa mawazo humpungukia. Mwalimu anayechukua kipindi cha michezo ili kufundisha hesabu anajinyima wanafunzi walio tayari kusikiliza hesabu hiyo.

Athari za kupuuza haya zimeanza kuonekana kwa watu wazima. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa 2015 ulipata kwamba asilimia 27 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia, na takriban robo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Utafiti wa Kitaifa wa Afya wa 2022 nao ulipata unene au uzani uliozidi kwa asilimia 45 ya wanawake watu wazima, dhidi ya asilimia 19 ya wanaume.

Lakini pana jambo katika uchunguzi huo wa 2015 linalofaa kuwatuliza wanaopenda kusema kwamba Wakenya wamekuwa wavivu. Ni asilimia 6.5 pekee ya watu wazima ambao hawakufikisha kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa na WHO. Walio wengi bado wanalima, wanabeba mizigo na kutembea kwenda kazini. Taifa zima halijalala. Tatizo linawapata zaidi watu wa mijini, na zaidi ya wote watoto wao, ambao hawatalima wala kubeba mizigo watakapokua.

Saa zimekwenda wapi?

Mtoto wa mjini huamshwa saa kumi na moja alfajiri, na kuingizwa katika basi la shule kungali giza. Hurejeshwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, akiwa na kazi ya ziada ya masomo mkobani. Akimaliza ni saa mbili. Jumamosi kuna masomo ya ziada, Jumapili kuna ibada. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe hapendi michezo angeketi kwanza aihesabu siku ya mtoto huyo.

Sheria haikukusudia iwe hivyo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaeleza kwamba katika shule za kutwa masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyinginezo za nje ya darasa. Hakuna shule ya kutwa inayoruhusiwa kuwataka wanafunzi wafike kabla ya saa moja na robo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo ilipiga marufuku masomo ya likizo. Ni wazazi wangapi wanaojua kwamba ile saa moja na robo ya jioni ni haki ya mtoto iliyoandikwa?

Ukweli ni kwamba wazazi wenyewe walishirikiana na walimu kuitupa. Katika mfumo wa 8-4-4, elimu ya viungo ilikuwa kwenye ratiba lakini haikutahiniwa katika KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023. Kisichotahiniwa hakikufundishwa. Kipindi hicho kilibaki jina tu ubaoni, na mwalimu wa hesabu au wa sayansi akakitwaa. Mzazi aliyemsikia mwalimu huyo akisifiwa kwa bidii hakuuliza alipata wapi muda.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 uliyapa michezo nafasi yake tangu gredi za chini, na katika sekondari ya juu sanaa na sayansi ya michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Kwa maandishi, hayo ni mafanikio makubwa. Kwa vitendo, mtaala hauwezi kumpa mtoto uwanja ambao haupo.

Viwanja vilivyomezwa

Januari 19, 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirejea kutoka likizoni wakakuta ukuta umezingira uwanja wao wa kuchezea. Mtu fulani alikuwa ameutaka. Watoto hao, wakiwa wamevaa sare, waliandamana pamoja na wanaharakati na kuuangusha ukuta huo. Polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi. Picha za watoto wakifuta macho na kukohoa zilizunguka dunia nzima, nayo serikali ikalazimika kuurejesha uwanja kwa shule na kuahidi kuzipa shule za umma hati za kumiliki ardhi.

Kisa hicho kilijulikana kwa sababu watoto walilia mbele ya kamera. Viwanja vingine vingi viliondoka kimyakimya. Kipande kilichotengwa na mpangaji wa mji kwa ajili ya watoto kikageuka kanisa, kisha kituo cha kuoshea magari, kisha ghorofa saba. Shule nyingi za kibinafsi zimefunguliwa katika nyumba za makazi ambazo ua wake hautoshi kugeuza gari, sembuse kucheza kandanda.

Si kwamba jiji halijawahi kuwa na watetezi. Hayati Wangari Maathai alipinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park mnamo 1989, na mwaka wa 1999 akapigwa na kujeruhiwa akiutetea msitu wa Karura. Familia zinazotembea na kuendesha baiskeli Karura wikendi zinafaidi jasho na damu yake. Hata hivyo, Karura na bustani ya miti ya Arboretum hutoza kiingilio, na kwa familia ya watu watano inayotoka Kayole, nauli ya matatu kwenda na kurudi inazidi bajeti ya chakula cha siku.

Barabara nayo imeacha kuwa mahali pa mtoto. Watembeao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa na ajali za barabarani nchini. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera mwaka wa 2015 ya kuwajali watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli, lakini katika mitaa mingi njia ya miguu ni mahali pa bodaboda kuegeshwa na bidhaa kutandazwa. Mzazi anayemfungia mtoto ndani hafanyi hivyo kwa ujinga. Amepima hatari ya leo dhidi ya kisukari cha miaka 30 ijayo, akachagua ya leo.

Wasichana huachwa nyuma

Uchunguzi wa WHO uliochapishwa 2019, ukitumia takwimu za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakuwa wakifanya mazoezi ya kutosha mnamo 2016. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 78, kwa wasichana 85.

Tofauti hiyo huanza katika umri unaojulikana. Hadi miaka tisa au kumi, msichana huruka kamba, hucheza kati na blada, na mara nyingi huwashinda kaka zake mbio. Kisha mwili hubadilika. Sare ya shule ni sketi isiyomruhusu kuinua mguu. Hedhi humjia bila sodo, ingawa sheria iliyofanyiwa marekebisho mnamo 2017 inaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Jioni, kaka yake anapokwenda kucheza mpira, yeye huitwa jikoni. Na akienda uwanjani hukuta wanaume wakimtazama kwa namna isiyompendeza.

Mara nyingi kinachohitajika ni kitu kidogo: suruali ya michezo ndani ya sketi, mwalimu wa kike uwanjani, kazi za nyumbani kugawanywa sawa, na mama kumwambia binti waziwazi kwamba hedhi haimzuii kukimbia. Mvulana akiosha vyombo hatapungukiwa na kitu. Tena kuosha, kufagia na kupiga deki kwa nguvu ni kushughulisha mwili.

Yanayowezekana nyumbani

Neno mazoezi lenyewe limeleta utata. Mtoto akilisikia hufikiria maswali 20 ya hesabu, naye mzazi hufikiria jimu na ada yake ya kila mwezi. Pengine ingefaa kusema kucheza.

Kucheza huko hakuhitaji gharama. Mpira wa makaratasi ya plastiki uliofungwa kwa kamba umekuza wachezaji wengi kuliko ule wa ngozi. Kamba ya kuruka ya mita mbili humtoa mtoto jasho kwa dakika chache, na huchezewa mahali penye ukubwa wa mkeka. Tapo, kati, brikicho na kusukuma gurudumu kwa kijiti ni michezo ambayo wazazi wa leo waliicheza, lakini wengi hawajawafunza watoto wao, kana kwamba mtoto ataijua kwa kuzaliwa nayo. Mchezo hurithishwa kwa kuchezwa.

Wanaoishi katika maghorofa yaliyobanana, kwa mfano Pipeline kule Embakasi, wana kibarua kigumu zaidi. Kuwaambia wawapeleke watoto uwanjani ni kuwaambia jambo wasiloweza kulitekeleza. Huko mzazi anaweza kutumia ngazi badala ya kulalamikia kukosekana kwa lifti, au kuwaruhusu watoto wacheze densi chumbani huku muziki ukiwa wa kiasi cha kuvumiliwa na jirani. Wazazi wa orofa moja pia wanaweza kupeana zamu ya kuwasimamia watoto nje kwa saa moja jioni, ili kila mmoja asihitajike kila siku. Paa la jengo ambako nguo huanikwa halifai kuwa uwanja, isipokuwa lina ukuta mrefu na mtu mzima yupo.

Kwa familia yenye gari, hatua ya kwanza ni kuliegesha. Shule ikiwa kilomita moja au mbili na njia ni salama, watoto wa majirani wanaweza kutembea pamoja wakiongozwa na mzazi mmoja. Wakati huo pia ndipo mtoto husema mambo ambayo hasemi mezani.

Kisha kuna mzazi mwenyewe. WHO inapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Baba anayeagiza mtoto atoke nje akacheze huku yeye amejinyosha kwenye kochi akitazama Ligi Kuu ya Uingereza hatarajiwi kusikilizwa. Akitembea na wanawe dakika 30 jioni tano za wiki, ametimiza dakika zake 150, nao wametimiza nusu ya zao za siku hizo.

Kuna njia ya hakika ya kumfanya mtoto achukie mazoezi: kuyageuza adhabu. Katika shule nyingi aliyechelewa huzungushwa uwanja mara tano au kuamriwa kuruka kama chura. Njia nyingine ni kumwita mtoto mnene bonge mbele ya wenzake na kumpanga golini kwa sababu hawezi kukimbia. Mtoto huyo hurudi darasani akiwa amefunzwa jambo moja tu, kwamba uwanja si mahali pake.

Mtoto mwenye njaa pia hatakimbia, wala asilazimishwe. Utafiti wa 2022 ulipata kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni, huku asilimia tatu wakiwa na uzani uliozidi. Mpango wa chakula shuleni ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mnamo 2023, ambapo mzazi huchangia shilingi tano kwa mlo, umesaidia kwa upande huu pia.

Wenye pumu wanaweza kucheza, mradi dawa yao ya kuvuta iwe karibu na mwalimu ajue. Walio na selimundu, ugonjwa unaopatikana sana Magharibi, Nyanza na Pwani, wanahitaji maji mengi, mapumziko ya mara kwa mara na ushauri wa daktari kuhusu kiwango kinachowafaa. Mtoto yeyote anayezimia au kuumwa kifua akikimbia apelekwe hospitalini kabla ya kurudi uwanjani.

Yapo yasiyo katika uwezo wa familia moja. Shule za umma ndizo zenye viwanja vikubwa vilivyosalia katika mitaa mingi, lakini ikifika Ijumaa jioni malango hufungwa kwa kufuli hadi Jumatatu. Walimu wakuu wana hofu ya vioo kuvunjwa na lawama mtoto akiumia. Bodi ya shule inaweza kukubaliana na chama cha wakazi kuhusu bawabu, saa za kufungua na anayewajibika, na uwanja ukatumika siku mbili ambazo ungekaa mtupu.

Katika mkutano wa kwanza wa wazazi wa muhula, ajenda huwa ni karo, mabasi na matokeo. Mzazi anaweza kuinua mkono na kuuliza mambo mawili zaidi. La kwanza ni kipindi cha michezo kwenye ratiba kilifundishwa na nani wiki iliyopita. La pili ni hati ya ardhi ya shule iko wapi, na kama mipaka iliyomo inalingana na ua unaoonekana dirishani. Shule nyingi za umma hadi leo hazina hati hiyo, na wanaovizia viwanja huanza na zile ambazo hakuna aliyewahi kuuliza.